Barua ya wazi kwa Bunge la Marekani: kituo cha afya hakiendeshwi kwa miezi mitatu mitatu

Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi na Seneti,

Nawaandikia kwa Kiswahili, na si kwa kukosa adabu. Kiingereza ninacho cha kunitosha kazini, na cha kupiga simu ofisini kwenu ninacho pia, maana nimeshapiga. Lakini jambo lililonileta kwenu, yaani fedha za vituo vya afya vya jamii ambazo mnaziongeza kwa miezi michache michache, lilianza kwa Kiswahili, ndani ya chumba cha daktari asiyejua hata neno moja la lugha hii. Tafuteni mkalimani. Sisi ndivyo tunavyoishi kila siku, na huwa tunafika.

Mama yangu mkubwa aliingia nchi hii akitokea kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Alikaa huko miaka mingi baada ya kukimbia vita Fizi, Kongo. Mimi nilitangulia, yeye akafuata na mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi. Mtoto alianza shule mwezi Septemba, na kufikia sikukuu ya Pasaka alikuwa mkalimani wa nyumba nzima: barua za umeme, mwenye nyumba, benki, dereva wa basi. Tulimsifu sana. Sasa naona tulimbebesha mzigo mkubwa.

Siku moja mama mkubwa aliishiwa nguvu jikoni akaanguka. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, kwenye dobi la hoteli ninakofanya kazi. Akapelekwa chumba cha dharura cha hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja. Muuguzi akauliza swali, mtoto akageuza: "Bibi, wanauliza unaumwa wapi." Mama mkubwa akamtazama mtoto, akajibu: "Waambie mgongo."

Haukuwa mgongo. Alikuwa anatokwa damu wiki tatu mfululizo kila mwezi, na huo ulikuwa mwezi wa nne. Lakini niambieni, mwanamke wa kwetu atayatoaje maneno hayo kupitia kinywa cha mjukuu anayemwita "mume wangu" kwa utani? Walimpa vidonge vya maumivu wakamrudisha nyumbani. Bili ilikuja baada ya wiki chache. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema mtu afanye nini pale anayetakiwa kumfunulia ni mtoto.

Mama mmoja tunayesali naye ndiye aliyetuelekeza kwenye kituo cha afya cha jamii. Jengo lenyewe zamani lilikuwa duka la samani, na hata leo madirisha yake ni makubwa kama ya kuuzia makochi. Pale mapokezi hawakutuuliza kadi ya bima kwanza. Walituuliza tuko wangapi nyumbani na tunapata kiasi gani kwa mwaka, wakatupangia malipo kwa kadiri hiyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba ile haikuwa huruma ya dada wa mapokezi, ni sheria yenu. Kituo cha aina hii hakiruhusiwi kumkataa mgonjwa kwa sababu hana pesa. Mwenye kipato kisichozidi kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali kuu anapata punguzo lote, na aliyekivuka lakini hajazidi mara mbili ya kiwango hicho anapata punguzo la sehemu.

Daktari aliweka simu mezani akafungua spika. Ikasikika sauti ya mwanamke mwenye lafudhi ya pwani, nadhani Mombasa. Mama mkubwa aliitazama ile simu kwanza, kama anayetaka kuona kilichomo ndani. Kisha akaiuliza: "Mwanangu, uko peke yako huko?" Sauti ikajibu: "Niko peke yangu, mama. Sema tu." Nami nikatoka nje bila kuambiwa. Ndani ya dakika kumi alikuwa ameyamaliza yote ambayo hakuyasema kwa miezi minne. Kipimo cha damu kilisoma saba, wakati kwa mwanamke inatakiwa ifike kumi na mbili. Ulikuwa uvimbe kwenye kizazi, si saratani, na baada ya kuongezewa damu na kufanyiwa upasuaji alirudi jikoni. Sombe, yaani kisamvu, anaitwanga mwenyewe sasa, na kelele majirani wa chini wameshazilalamikia.

Waheshimiwa, naeleza haya kwa kirefu kwa sababu nimewasikia mkisema "gharama za ukalimani" kana kwamba ni maua ya mezani, ukiyaondoa chakula kinabaki vilevile. Ile simu ilikuwa ndiyo kipimo cha kwanza. Bila ile simu, mashine ya damu ingekuwepo, daktari angekuwepo, na mama mkubwa angerudishwa tena na vidonge vya mgongo.

Mwaka uliofuata kituo kiliniomba niingie kwenye bodi. Nilicheka. Mimi nakunja mashuka ya hoteli, bodi nitaifanyia nini? Mkurugenzi akanionyesha sheria, kifungu cha 330 cha Sheria ya Huduma za Afya ya Umma: zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi ya kituo lazima wawe wagonjwa wanaotibiwa hapohapo. Na si bodi ya kupiga makofi. Inamwajiri mkurugenzi na inaweza kumfukuza, inapitisha bajeti, inaamua kituo kifunguliwe saa ngapi. Kwetu wajumbe ni 13. Yumo dereva wa lori, mama wa nyumbani, mwanasheria mmoja, mhasibu mmoja, mzee aliyestaafu kiwanda cha nyama ambaye husinzia lakini hajawahi kukosa mkutano. Kura ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya kufungua kituo hadi saa mbili usiku siku mbili kwa wiki, kwa sababu wafanyakazi wa zamu tulikuwa tunapoteza mshahara wa siku nzima kwa kwenda kupimwa presha. Nchi hii ina mambo mengi ninayoyalalamikia, ila kanuni hii sijawahi kuiona kwingine kokote nilikoishi, na ninaomba asije mtu akashauri "kuilegeza".

Hapo kwenye bodi ndipo nilipojifunza kusoma bajeti, na bajeti ndiyo iliyonifanya mtetezi. Neno lenyewe lilinitisha mwanzoni. Masikioni mwangu mtetezi ni wakili, au mtu wa kipaza sauti uwanjani. Kumbe mtetezi anaweza kuwa mtu aliyeuliza tu swali dogo mkutanoni akakosa jibu.

Swali lilikuwa hili. Tulikuwa tunatafuta daktari wa meno. Foleni ya meno kwetu ilifika miezi mitano, na miezi mitano ya jino bovu haihitaji maelezo. Akapatikana kijana mzuri, ana moyo wa kazi, na ana mkopo mkubwa wa masomo. Mpango wenu wa kuwalipia madaktari mikopo ulikuwa unamfaa, ambapo daktari anajifunga kufanya kazi miaka miwili kwenye eneo lenye uhaba. Yule kijana akauliza: "Mimi nawaahidi miaka miwili. Ninyi mnaniahidi muda gani?" Nikamtazama mhasibu. Mhasibu akatazama karatasi zake. Fedha zetu kutoka kwenu wakati huo zilikuwa na uhakika wa miezi mitatu.

Alikwenda kwingine. Simlaumu.

Kwa wasomaji wenzangu wasiojua mambo haya, nieleze kidogo. Ruzuku ya serikali kuu kwa vituo hivi ina mifuko miwili. Mmoja hupitishwa kila mwaka pamoja na bajeti. Mwingine, ulio mkubwa zaidi, uliundwa na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, na unabeba karibu asilimia 70 ya ruzuku yote. Huo mkubwa una tarehe ya kufa. Tarehe ikifika bila Bunge kuuongeza, unakauka. Mwaka 2017 ulikauka tarehe 30 Septemba, mwishoni mwa Desemba ukapewa fedha za muda tu, na haukurudi sawasawa hadi tarehe 9 Februari 2018. Sikuwepo kwenye bodi wakati huo, lakini wazee wa bodi bado wanaisimulia ile Krismasi kama watu wanavyosimulia ukame.

Nilidhani somo lile lilieleweka. Kwenye friji yangu nimebandika karatasi ya kalenda niliyoandika tarehe za mwisho kwa kalamu nyekundu: 30 Septemba 2023, 17 Novemba 2023, 19 Januari 2024, 8 Machi 2024, 31 Desemba 2024, 31 Machi 2025, 30 Septemba 2025, 30 Januari 2026. Tarehe nane ndani ya miezi 28. Ile ya Septemba 2025 ilipita, na kesho yake serikali ikafungwa kwa kukosa bajeti. Mjukuu wa mama mkubwa, ambaye sasa ana ndevu, aliniuliza kama hizo ni tarehe za kulipa kodi ya nyumba. Nikamwambia ndiyo, ila mpangaji ni kituo kizima.

Najua jibu lenu, nimeshalipokea kwa barua: "Tuliongeza fedha kila mara." Kweli, mliongeza, na hata kiasi kilipanda kidogo mwaka 2024. Tunashukuru. Lakini kuongeza dakika za mwisho si sawa na kuahidi mapema, hata kama shilingi ni ileile. Muuguzi mwenye watoto hasubiri usiku wa manane wa tarehe ya mwisho kujua kama ana kazi. Mwenye jengo hakubali mkataba wa miezi mitatu. Mashine ya picha za meno hailipwi kwa miezi mitatu. Kila tarehe ikikaribia, mkurugenzi wetu huandaa orodha mbili, moja ya kuendelea na moja ya kupunguza, na kazi hiyo humla wiki mbili ambazo angekuwa anafanya kitu kingine. Zidisheni wiki hizo kwa mashirika yapatayo 1,400 yanayoendesha vituo hivi nchini. Mnalipia hofu, kwa fedha za dawa.

Na nje ya ruzuku kuna mfuko mwingine unaotoboka: Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo ndiyo bima ya karibu nusu ya wagonjwa wa vituo hivi. Sheria mliyoipitisha Julai 2025 inaweka masharti ya kazi kwa watu wazima wengi, masharti ambayo majimbo mengi yanatakiwa kuyaanza kufikia Januari 2027. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, wakimbizi wengi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu hawatastahili tena. Yaani mtu kama mama mkubwa, akishuka kwenye ndege baada ya tarehe hiyo na damu yake ikiwa saba, atakuwa hana kadi. Kituo hakitamkataa, sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu sisi kwenye bodi tusingekubali. Atatibiwa, na gharama itakaa kwenye vitabu vyetu ikitafuta wa kuilipa. Mnatuachia wajibu mkiondoa malipo. Mhasibu wetu ana neno lake kwa hali hiyo, nimeombwa nisiliandike.

Halafu kuna lile la Julai 2025 pia, Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba huduma za vituo hivi zihesabiwe miongoni mwa misaada ya serikali ambayo baadhi ya wahamiaji hawaruhusiwi kuipata. Mahakama ilizuia tangazo hilo katika majimbo yaliyokwenda kushtaki. Lakini hofu haisomi hukumu za mahakama. Wiki ile nilikaa mapokezi jioni mbili kusaidia kupiga simu kwa watu ambao hawakufika. Mama mmoja mwenye makaratasi yote, uraia kabisa, aliniambia mtoto wake hatamleta chanjo "mpaka tujue wanataka nini". Nilimuuliza nani wanataka nini. Akakata simu. Surua haiulizi viza, waheshimiwa, na darasani mtoto huyo anakaa karibu na wa kwenu.

Kuna mtu atasema: hawa wageni wamekuta mezani pamejaa, sasa wanadai na kijiko. Basi niwakumbushe wazo hili la vituo lilikotoka, kwa sababu nilipolijua mwenyewe nilitembea kifua mbele wiki nzima. Mwaka 1940, mahali panapoitwa Pholela, katika vilima vya Natal, Afrika Kusini, madaktari wawili, mke na mume, Emily na Sidney Kark, walianzisha kituo kati ya Wazulu. Hawakukaa ndani kungoja wagonjwa. Waliwafundisha watu wa palepale kuzunguka nyumba kwa nyumba, wakahesabu nani anaumwa nini, wakalima bustani za mboga, wakachimba vyoo. Mwaka 1957 akafika huko mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, akakaa nao miezi kadhaa. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliinyima kazi ile pumzi hadi ikadhoofu. Lakini Geiger alishaiona.

Mwaka 1964 alikuwa Mississippi na wapigania haki za raia, akakuta vibanda na njaa vilivyomkumbusha Natal. Mwaka 1965, yeye na mwenzake Count Gibson wa Chuo Kikuu cha Tufts walipata fedha za serikali ya Rais Johnson, wakafungua kituo Columbia Point, Boston, kisha kingine Mound Bayou, Mississippi, mwaka 1967. Huko Mound Bayou madaktari waliwaandikia watoto wenye utapiamlo cheti cha dawa chenye maziwa, mboga na nyama, na duka likapeleka bili kwenye famasia ya kituo. Wakubwa walipokuja juu, Geiger aliwajibu kwamba kwa jinsi anavyokumbuka vitabu vyake, dawa ya utapiamlo ni chakula. Napenda sana kwamba jibu hilo lilitolewa kwa upole.

Kwa hiyo tusiambiane nani mgeni. Kituo kinachomtibu dereva wa lori mzaliwa wa hapa, mjukuu wa waliozaliwa hapa, kina mbegu kutoka kijiji cha Wazulu. Mwaka 2023 vituo hivi vilihudumia zaidi ya watu milioni 31, na wengi wao hawajawahi kusikia neno Pholela wala Nyarugusu. Katika majimbo yenu ya mashambani, yale ambayo wengi wenu mnayataja mkiomba kura, mara nyingi kituo hiki ndicho mahali pekee pa kupima mimba, sukari na jino bila kuendesha gari saa nzima.

Ninachoomba si kirefu. Mfuko ule mkubwa muupitishe kwa miaka mitano kwa mara moja, ili tukimwita daktari wa meno tuwe na jibu. Fedha ya ukalimani ihesabiwe kama fedha ya maabara. Mlango ubaki wazi kwa kila anayeugua, bila mtu wa mapokezi kugeuzwa afisa wa uhamiaji. Na ile kanuni ya nusu ya bodi msiiguse.

Kwa Waswahili wenzangu mnaoisoma barua hii mkiwa Marekani: kituo hakiwezi kutumia fedha ya ruzuku kuwashawishi wabunge, imekatazwa. Ndiyo maana sauti ya mgonjwa haina mbadala. Huhitaji kuwa raia ili upige simu ofisi ya mbunge. Unahitaji kukaa kwenye eneo lake. Atapokea kijana mmoja mwenye haraka, atakuuliza jina na msimbo wa posta, ataandika neno moja au mawili. Usimhutubie. Sema unatibiwa wapi, umetibiwa nini, unataka mbunge apige kura gani. Simu yangu ya kwanza ilichukua dakika nne na nilitetemeka zote nne. Siku hizi napiga wakati wa chakula cha mchana, mkono mmoja ukiwa na sambusa. Na Agosti, Bunge likiwa mapumzikoni na wabunge wako majumbani, ndiyo siku za kuwaalika kituoni wakae kwenye viti vile vya plastiki kama sisi.

Waheshimiwa, mwaliko huo upo hata kwenu. Bodi yetu hukutana kila mwezi, Jumanne ya tatu, saa kumi na mbili jioni, chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Mama mkubwa huleta chai, na hamuulizi mtu chama chake.

Mkikwama kuielewa barua hii, pigeni simu kituo chochote cha afya cha jamii kilicho karibu nanyi. Wakipokea, semeni neno moja tu, "Kiswahili". Mtasubiri kama dakika mbili.

Wenu,
Mgonjwa na mjumbe wa bodi